Tomi Anajikuna, na Kila Mtu Ana Dawa Yake

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mtoto wa mbwa, dume wa miezi minne, nilipewa na shoga yangu wa Mtwapa. Jina lake Tomi. Analala barazani juu ya gunia, uani kwetu ni mchanga mtupu, na paka wa jirani hupita hapo watakavyo. Tangu mvua za masika zipungue hajatulia. Anajikuna, anajiuma kiunoni karibu na mkia mpaka manyoya yamekatika, na tumboni ametoka vipele vyekundu, vingine vina usaha. Chakula chake ni ugali na omena, siku moja moja mabaki ya kuku. Namwogesha siku baada ya siku kwa sabuni ya kipande. Jirani asema ni aleji ya omena. Shemeji ataka tumpake oili chafu ya gari. Na duka la dawa za mifugo limeniuzia chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, sijaifungua bado. Mwanangu wa miaka sita naye ana vipele vya kuwasha kwenye vifundo vya miguu. Je, kweli ni aleji?
Mama Tomi, Bamburi

JIBU: Marahaba, Mama Tomi. Chupa hiyo usiifungue. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina amitrazi au sumu nyingine kali, na kipimo chake kimepangwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Mtoto wa mbwa akiipata kwa wingi hulegea, husinzia, na moyo wake huenda polepole. Nyingine humtoa povu na kumtetemesha. Kuhusu oili ya gari, mwambie shemeji kwa heshima zote kwamba mbwa hujilamba. Atakachopakwa mgongoni kitaishia tumboni, na hata kabla ya kufika huko oili hiyo huchoma ngozi ambayo tayari ina vidonda.

Sasa turudi kwenye barua yako. Jambo lenye uzito kuliko yote umelitaja mwisho kabisa, tena kwa kupitia tu: vifundo vya miguu vya mtoto. Kiroboto huruka kutoka sakafuni, na mguu wa mtu ndio anaoukuta kwanza. Ingekuwa ni upele wa mbwa, ule unaoletwa na utitiri wanaochimba ndani ya ngozi, mtoto angewashwa mikononi na tumboni, yaani pale anapompakata Tomi. Ukiongeza na kule kujiuma karibu na mkia, mimi ninamshuku kiroboto kabla ya omena.

Jaribio lake halina gharama. Chukua kitana cha meno ya karibu, mchane Tomi kiunoni, kisha kung'uta uchafu juu ya pamba nyeupe iliyoloweshwa maji. Vinukta vyeusi vikianza kutoa wekundu wa kahawia, hiyo ni damu ya Tomi iliyopita tumboni mwa kiroboto. Usisubiri kumwona kiroboto mwenyewe. Mbwa mwenye mzio wa mate ya viroboto huwatafuna na kuwameza, na wachache tu watosha kumkosesha usingizi. Kwa hiyo jirani yako huenda hakukosea sana aliposema aleji. Alichokosea ni mshukiwa.

Hapa ndipo watu wengi wa mji huu wanaponipigia simu kulalamika kwamba dawa ni feki. Viroboto unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo ya ukoo mzima. Mayai hayashiki kwenye manyoya, huanguka pale mbwa anapolala: kwenye gunia lako, kwenye nyufa za baraza, kwenye mchanga wenye kivuli. Jike mmoja akishiba damu aweza kutaga mayai 40 na zaidi kwa siku. Kisha kuna hatua ya kifukofuko, ambamo kiroboto mchanga hujifungia wiki kadhaa, pengine miezi, wala dawa haimfikii vizuri. Penye baridi kali uzazi wao hupungua. Kwetu Mombasa, kwa joto hili na unyevu huu, wanazaana mwaka mzima, iwe kaskazi au kusi.

Basi gunia lichome. Mpe Tomi kitambaa kinachofulika, ukifue kwa maji ya moto kila wiki na kukianika juani. Fagia baraza na chini ya viti kila siku, na taka hizo uzitupe mbali. Ule mchanga wa kivulini, ambapo bila shaka ndipo anapopenda kulala mchana, ukwangue juu na kuuacha upigwe na jua. Fanya hivyo kwa miezi mitatu bila kulegeza, hata kama kujikuna kutakwisha mapema.

Tomi mwenyewe anahitaji dawa ya viroboto ya mbwa, ya umri wake na uzito wake. Vipo vidonge vya kutafuna ambavyo vingi vyao huruhusiwa kuanzia wiki 8, na baadhi huua hata utitiri wa upele. Mwambie daktari kama Tomi amewahi kupata kifafa, kwani hapo huchagua dawa nyingine. Uzito usiukisie. Panda kwenye mizani ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, utoe. Paka wa jirani nao ni wenzake katika hili, kwa maana kiroboto tunayemkuta zaidi kwa mbwa ni yule yule wa paka. Zungumza na jirani naye atibu wake, ila asiazime dawa ya Tomi: baadhi ya dawa za mbwa zina permethrini, ambayo humuua paka.

Vile vipele vya usaha tumboni huwapata sana mbwa wachanga, hasa wakilala penye unyevu au wakijikuna kwa kucha chafu. Sabuni ya kipande nayo inachangia, kwa kuwa inakomba mafuta ya ngozi. Iache. Mara moja kwa wiki yatosha, kwa shampuu ya mbwa yenye klorheksidini, uiache dakika kumi, usuuze vizuri, kisha umkaushe kwa taulo mpaka makwapani na katikati ya vidole. Ngozi inayobaki mbichi katika hewa yetu hii haichelewi kuota fangasi.

Omena, kwa sasa, mwachie. Mzio wa chakula upo, na mara nyingi husababishwa na nyama ya ng'ombe, maziwa au kuku, lakini kuuthibitisha ni kazi ya wiki 8 za chakula kimoja ambacho mbwa hajawahi kukila, bila hata kipande cha mkate anachodokolewa na mtoto. Hatuanzi kazi hiyo kabla viroboto hawajaondoka, maana hatutajua kilichosaidia ni kipi. Tena Tomi anakua: omena anayeliwa mzima na miba yake ndiye anayempa protini na chokaa ya mifupa, na ukimwondoa kwa pupa atabaki na ugali. Mwoshe tu mchanga na chumvi kabla ya kupika. Mzio wa vumbi na chavua nao, kwa kawaida, huanza kati ya miezi 6 na miaka 3, kwa hiyo Tomi bado ni mdogo kwa hilo.

Mpeleke kliniki wiki hii hii ukiona ncha za masikio au viwiko vina magamba, manyoya yananyonyoka kuzunguka macho, au ufizi umepauka, kwa sababu viroboto wengi waweza kummaliza damu mbwa wa umri huu. Omba akwanguliwe ngozi na itazamwe kwa hadubini. Ukiambiwa kuna sindano ya kukata mwasho, uliza ni ya nini. Nyingi ni za steroidi, zinatuliza kweli, lakini zikidungwa kabla ya kupima huficha ugonjwa na kuupa utitiri nafasi. Na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, miezi mitatu imeshapita. Achanjwe siku hiyo hiyo.

SWALI: Daktari, mbwa wangu hajiumi kiunoni wala tumboni, anatafuna nyayo tu na anachechemea. Je, naye ni mzio?
Msomaji, Likoni

JIBU: Mshike mguu, tazama katikati ya vidole na pembeni mwa kucha kwa mwanga mzuri. Ukiona uvimbe mdogo wa duara wenye nukta nyeusi katikati, huyo ni funza. Usimchokonoe kwa pini ya nguo, maana mbwa atakuuma na kidonda kitaoza. Mpeleke atolewe na kusafishwa. Mwagia maji na fagia mahali anapolala penye vumbi kavu, na watu wote nyumbani mkague vidole vyenu vya miguu leo jioni.