Chuo kilichoitangulia nchi: barua kwa mwanangu aliyeko Leipzig

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma jana jioni barazani, na leo asubuhi nimeisoma tena. Unasema hapo Leipzig kila mtu anakwambia chuo chenu kilianza mwaka 1409, nami mwenyewe nilikufundisha kwamba Ujerumani iliunganishwa mwaka 1871. Inakuwaje chuo kiizidi nchi umri kwa zaidi ya miaka mia nne? Na kama nchi haikuwepo, kilikuwa cha nani?

Swali zuri, baba, na umempelekea mtu aliyeshika chaki ya historia miaka thelathini na miwili.

Nianze na neno lenyewe. Hapa Pangani mtu mzima akisema mtoto yuko chuoni, hakusudii digrii. Chuo kwetu kilikuwa kitabu, kisha kikawa pale anapokaa mwalimu na watoto wake. Babu yako alisimulia kwamba mwalimu wao alihamia Bweni, ng'ambo ya mto, na asubuhi yake watoto wakapanda kidau, kila mmoja na ubao wake kwapani. Walisema chuo kimevuka mto. Hakuna aliyesema kimevunjika.

Basi neno la Kilatini wanalolitumia, universitas, nalo halikuwa jina la jengo. Lilikuwa jina la umoja wa walimu na wanafunzi walioapa kufuata kanuni zao, wenye mkuu wao, muhuri wao na mahakama yao, kama vile waokaji mikate na maseremala wa mijini walivyokuwa na vyama vyao. Umoja huo ulihitaji vibali viwili. Mtawala wa eneo awape mahali na ulinzi, na Papa aidhinishe shahada zao ili zitambulike kote lilikofika Kanisa. Wajerumani wa wakati huo walikuwa chini ya watawala chungu nzima, wakuu, maaskofu na miji iliyojitawala, wote ndani ya dola moja iliyolegea. Kila mkuu alitaka chuo chake, apate wanasheria na makasisi wa kwake bila kuwatuma mbali. Hata baraza la mji wa Köln lilijitafutia chake, kikaanza mwaka 1388. Ndiyo maana vilizaliwa vingi hivyo, na ndiyo maana havikuingoja nchi.

Lakini mkuu akishapata kibali, walimu anawatoa wapi? Hapo ndipo ninapopapenda, kwa sababu jibu ni ugomvi. Mwaka 1378 Kanisa liligawanyika likawa na mapapa wawili, mmoja Roma na mmoja Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa ya leo. Paris ikashika upande wa Avignon, na walimu waliomtii Papa wa Roma wakawa hawana raha pale. Mmoja wao, Marsilius wa Inghen, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha Paris, alikwenda kwa mtawala Ruprecht wa Kwanza, na Oktoba 1386 masomo yakaanza Heidelberg. Walianza na walimu watatu. Watatu tu, mwanangu, na ndicho leo kinachohesabiwa kuwa chuo kikuu cha zamani kuliko vyote katika Ujerumani ya sasa.

Chako kina kisa kikali zaidi. Chuo cha Praha, kilichoanzishwa mwaka 1348, kiligawa watu wake katika mafungu manne kufuata upande mtu alikotoka, nayo yakiitwa mataifa: Bohemia, yaani nchi ya Wacheki ulipo mji huo wa Praha, kisha Bavaria, Saxony na Poland. Kila fungu lilikuwa na kura moja. Wacheki walinung'unika kwamba ndani ya nchi yao wenyewe wanashindwa kura na wageni, na kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kunung'unika. Januari 1409 Mfalme Wenceslas wa Bohemia, aliyetaka chuo kimuunge mkono katika mgogoro wa mapapa, alitoa amri: Wacheki wapewe kura tatu, na mataifa mengine matatu yaliyobaki yagawane moja. Haki iliyodaiwa ikalipwa kwa dhuluma. Walimu na wanafunzi wa Kijerumani walikuwa wameapa kwamba amri hiyo ikipita wataondoka, na kweli wakaondoka, mamia yao, na vitabu vyao. Wengi wakaelekea Leipzig. Ndugu wawili waliotawala eneo hilo, Friedrich na Wilhelm, wakawapokea, Papa akaidhinisha mwezi Septemba, na tarehe 2 Desemba chuo kikafunguliwa katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Mtakatifu Thomas. Tangu amri ile hadi ufunguzi haukupita hata mwaka. Majengo wangeyatoa wapi? Walichokuja nacho ni wao wenyewe, kama watoto wale wa kwenye kidau.

Sasa nikupe kisa ninachokihifadhi moyoni. Kwa karne nyingi masomo katika vyuo hivyo yalikuwa kwa Kilatini. Mwaka 1687, hapohapo Leipzig, mwalimu wa sheria Christian Thomasius alibandika kwenye ubao wa matangazo wa chuo tangazo la masomo lililoandikwa kwa Kijerumani, na akafundisha kwa Kijerumani. Wenzake waliona ubao umetiwa najisi. Alikuwa na magomvi mengine nao pia, na mwaka 1690 ikabidi ahame, akaenda Halle, ambako chuo kipya kilifunguliwa mwaka 1694 naye akiwa miongoni mwa nguzo zake. Nilipokisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza niliwakumbuka watoto wangu wa kidato cha kwanza, waliotoka shule ya msingi wakiuliza maswali kwa Kiswahili mpaka kengele inalia, na Januari wakanyamaza kimya kwa sababu ya Kiingereza. Wengine walinyamaza miaka minne. Nimelibeba jambo hilo hadi kustaafu kwangu na bado linaniuma.

Na usidhani Kiswahili kimefika huko pamoja na wewe. Berlin ilianzisha mwaka 1887, ndani ya chuo kikuu chake, taasisi ya lugha za mashariki, na Kiswahili kikafundishwa kwa maofisa waliokuwa wakija kututawala. Kuanzia mwaka 1900 mmoja wa waliokifundisha alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Bagamoyo. Maandishi yake juu ya mila zetu yalichapishwa Göttingen mwaka 1903, kwa jina la Desturi za Wasuaheli, yakisimamiwa na Carl Velten. Akaoa mke Mjerumani. Mwaka 1905 walisafiri kurudi nyumbani, na Dar es Salaam serikali ya kikoloni ikawazuia wasishuke melini. Fikiria hilo: kuuona mwambao wako kwa macho, kisha ugeuzwe. Alifia Berlin mwaka 1927. Ukipata nafasi, mrehemu.

Umri mrefu usikufanye uone kwamba mambo yalikwenda kwa utulivu. Köln kilifungwa na Wafaransa mwaka 1798 kikarudi 1919. Erfurt, alikosoma Martin Luther, yule aliyeanzisha Uprotestanti, kilifungwa 1816 kikafunguliwa tena 1994. Mwaka 1933 vyuo vyote, na chako kimo, viliwafukuza walimu Wayahudi, na wanafunzi wenyewe walichoma vitabu viwanjani. Hayo pia ni sehemu ya ile miaka mia sita wanayokutajia.

Na ile picha uliyonitumia, ya jengo la vioo lenye umbo la kanisa, umeandika tu "nje ya chuo". Mahali hapo palikuwa na kanisa la chuo, ambalo Luther mwenyewe alilizindua kwa kazi hiyo mwaka 1545. Lilipita salama katika mabomu ya vita. Kisha tarehe 30 Mei 1968, saa nne asubuhi, serikali yao wenyewe, ile ya Ujerumani Mashariki, ilililipua kwa baruti. Wiki chache baadaye, katikati ya hafla ya muziki mjini, bango lilijikunjua mbele ya watu likidai kanisa lijengwe upya.

Kabla ya mlipuko, watu walikuwa wamekimbizana kutoa vibao vya kumbukumbu vya maprofesa waliozikwa humo. Vingine vimerudishwa, viko ndani ya jengo hilo jipya. Jumamosi ukiwa huna kazi, ingia unipigie picha mbili tatu, karibu kiasi cha maandishi kusomeka. Na uvae lile sweta zito.

Mama yako