Kwa mnaoanza elektrokemia: ijueni kwanza elektrodi tupu

Wadogo zangu mnaoingia uzamili au uzamivu kwenye elektrokemia, najua mnakuja na hamu ya kutengeneza kitu kipya: kaboni ya maganda ya korosho kwa ajili ya betri, au kihisi cha kupima sumu kwenye mboga. Hamu hiyo ishikeni. Ila wiki za mwanzo nawaomba mkae na vitu vitatu tu: elektrodi tupu ya kaboni-kioo (isiyopakwa kitu chochote), myeyusho wa ferisianidi ya potasiamu ndani ya kloridi ya potasiamu, na potenshiostati, yaani kifaa kinachoongoza volti na kupima mkondo. Pigeni voltametri ya mzunguko, yaani kupandisha na kushusha volti huku mkipima mkondo, mpaka grafu ya leo ifanane na ya jana.

Faida ya jaribio hili ni kwamba jibu lake linajulikana. Mmenyuko wa elektroni moja unaokwenda na kurudi bila kikwazo hutoa kwenye grafu vilele viwili vinavyoachana kwa milivolti 59 hivi kwenye nyuzi joto 25. Ukipata 65 au 70, endelea. Ukipata 150, uso wa elektrodi ni mchafu au kuna ukinzani mahali, labda waya umelegea. Isugue upya kwa poda ya alumina ya mikroni 1, halafu 0.3, halafu 0.05, kila poda na kitambaa chake kilicholowa maji. Shika elektrodi wima, mkono uchore namba nane taratibu bila kukandamiza. Suuza vizuri kabla ya kuhamia poda inayofuata, maana punje moja kubwa ikiingia kwenye kitambaa cha mwisho itachora mikwaruzo juu ya uso uliouhangaikia asubuhi nzima.

Elektrodi ya rejea, ile ambayo volti zote hupimwa kwa kulinganishwa nayo, inataka pia jicho kali. Ikikauka, au kizibo chake chenye vinyweleo kikiziba, volti zote zinahama huku grafu ikiendelea kupendeza. Tengeni moja isiyoingia kwenye jaribio lolote, ikae ndani ya kloridi ya potasiamu, na kila asubuhi mpime tofauti ya volti kati yake na elektrodi ya rejea mnayoitumia kwenye majaribio kwa multimita ya kawaida. Zikipishana zaidi ya milivolti chache, kazi isianze.

Sasa vihisi. Hapa ndipo naona juhudi nyingi zikipotea, kwa sababu kihisi kinapimwa kwenye maji yaliyotakaswa maabara na safari inaishia hapo. Chukueni floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini baadhi ya chemchemi kuzunguka Mlima Meru zinapita kiwango hicho mara nyingi, na meno ya kahawia ya watu waliokulia huko ni ushahidi tosha. Elektrodi ya fuwele ya lanthanamu floraidi, waliyoitangaza Frant na Ross mwaka 1966, hadi leo ndiyo inayotumika sana maabara: floraidi ikiongezeka mara kumi, usomaji unashuka milivolti 59 hivi. Kihisi chako kipya kinashindana na huyo mkongwe, na kinashindana naye kwenye maji ya mtoni. Alumini na chuma hukamata floraidi zikaificha, na hidroksidi huingilia pale floraidi ikiwa kidogo. Ndiyo sababu sampuli huchanganywa na bafa (myeyusho unaotuliza kiwango cha asidi) ya pH 5 hivi yenye kemikali ya kuzifunga metali hizo. Vihisi vya sukari ya damu, vilivyoanza na wazo la Clark na Lyons mwaka 1962, vina vita hiyohiyo dhidi ya vitamini C na parasetamoli. Kwa hiyo orodhesheni vitu vinavyoweza kuingilia kabla ya kuchagua nyenzo.

Kwenye nyenzo za nishati, swali langu la kwanza huwa ni mizani. Mwanafunzi anapaka miligramu 0.5 ya nyenzo kwenye elektrodi, mizani inasoma hadi miligramu 0.1, kisha anaripoti uwezo wa kuhifadhi chaji kwa gramu hadi desimali mbili. Kosa la asilimia 20 liko tayari kabla betri haijachajiwa! Madini yetu ya kinywe (grafiti) hapa Tanzania, yale ya Mahenge na Ruangwa, yana kikomo cha kinadharia cha miliampea-saa 372 kwa gramu yakiwa anodi (upande hasi) ya betri ya lithiamu. Ukivuka namba hiyo kwa kinywe kitupu, rudi kwenye mizani. Na mnaotafuta kichocheo cha kuzalisha hidrojeni kisicho na platinamu, elektrodi saidizi yenu, ile inayokamilisha mzunguko wa umeme, isiwe waya wa platinamu: huyeyuka kidogokidogo, hujipaka juu ya kichocheo chako, na sifa zinakwenda kusikostahili. Wekeni fimbo ya grafiti.

Kabla ya kukubali nafasi, zungumzeni na wanafunzi waliopo na fundi sanifu wa maabara. Ulizeni potenshiostati moja inatumiwa na wangapi, mtungi wa agoni, gesi ya kufukuza oksijeni, unajazwa wapi, na umeme ukikatika usiku wakati betri iko kwenye mzunguko wa mia saba wa kuchajiwa na kutumika nini kinailinda. Kama gesi ndiyo tatizo, muombe msimamizi mwaka wa kwanza uanze na vipimo vya potenshometria (kupima volti bila kupitisha mkondo), kama cha floraidi, ambavyo havihitaji kufukuza oksijeni.