Masahaba walipopigana: kwa nini hawa huku na wale kule?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Tunaishi Pumwani. Mume wangu na kaka yangu hawaamkuani tangu Ramadhani. Walibishana wakifuturu juu ya Siffin, vita vya Ali na Muawiya. Mume anasema masahaba waligombea kiti tu, kama wanasiasa wetu. Kaka anasema anayemtia Muawiya makosani ametoka katika Uislamu. Kwa nini waligawanyika, nami nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Pole. Vita vya mwaka 37 Hijria vimeingia hadi kwenye sahani yako ya futari.

Hilo la "waligombea kiti" ni neno jepesi, na klipu za simu ndizo zimelipa miguu. Mwenye kulisema huruka chanzo. Dhulhija ya mwaka 35 Khalifa Uthman aliuawa nyumbani kwake Madina. Ali akapewa bai'a, yaani kiapo cha utii, akawa khalifa, na waasi wangali wameushika mji. Hapo likazuka suala la hukumu: kisasi kwanza, au utulivu kwanza? Muawiya, liwali wa Sham (Syria na jirani zake) tangu zama za Umar na jamaa wa Uthman, alishika aya ya 33 ya Al-Israa, inayompa mamlaka walii, yaani jamaa mwenye haki ya kudai damu, wa aliyeuawa kwa dhulma. Hakutoa bai'a mpaka wauaji wakamatwe. Ali alijibu kuwa kisasi hutolewa na mtawala: watu watii kwanza, kisha wenye damu walete dai lao lisikilizwe. Na wauaji angewakamataje, nao wametapakaa jeshini mwake, makabila yao yako nyuma yao? Masahaba Talha na Zubayr waliona kungoja ni kuipoteza damu, wakatoka na Bibi Aisha hadi Basra. Ndivyo vita vya Jamal, kati yao na Ali, mwaka 36.

Kama ni kiti, mbona Saad bin Abi Waqqas, mmoja wa sita wa shura ya Umar, baraza la kumchagua khalifa, alijitenga? Mbona Zubayr aliacha uwanja wa Jamal Ali alipomkumbusha maneno ya Mtume? Kweli, watu wa kawaida wengi walifuata liwali wao au kabila lao tu. Mumeo abaki na hilo.

Kaka yako amekosea zaidi. Ahlu Sunna husema Ali ndiye aliyekuwa karibu zaidi na haki: Mtume alisema sahaba Ammar bin Yasir atauawa na kundi lililoasi, na Ammar aliuawa Siffin akiwa upande wa Ali. Kulisema hilo si tusi. Wala aliyeasi hakutoka katika imani, kwani Al-Hujurat aya ya 9 inayaita makundi yanayopigana "waumini". Kukufurishana kwa jambo hili ndiko kulikowafikisha Makhawarij, kundi lililojitenga na Ali na kumkufurisha, kwenye vita vya Nahrawan.

Sasa nyumba yako. Usiwakalishe wajadiliane. Kumhama ndugu zaidi ya siku tatu hakufai, na wao wamepitisha miezi. Mwambie mumeo aanze salamu, kwa kuwa wewe umo mkononi mwake. Mwalike kaka Ijumaa baada ya swala. Mmoja akiigusa Siffin, muulize: Hasan bin Ali alipatana na Muawiya mwaka 41, wewe bado unamgombea nani? Na simu ziachwe chumbani.