Kabla Hujaiuza Amplifaya kwa Sababu Inavuma

Wiki hii kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimenunua amplifaya ya mtumba, nikiunga laptopu inavuma mpaka watu wananicheka. Fundi kasema nikate pini ya erthi. Nikate?"

Marahaba, mdogo wangu. Usikate. Nilimjibu hivyo palepale, ila suala hili limeshanitoa kazini, kwa hiyo siwezi kuliacha kwa neno moja.

Nilikuwa fundi mitambo wa kanisa moja hapa Dar. Mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ilikaa nyuma ya ukumbi, amplifaya mbele karibu na madhabahu, na waya wa sauti ulipita chini ya zulia. Muziki ulikuwa safi, aliyekuja kusali anajua. Ikaja projekta. Kamati ikaifunga darini na kuivutia umeme kutoka ofisi ya mchungaji. Laptopu ya maneno ya nyimbo ikaungwa kwa HDMI, waya wa picha, kwenda projekta, na kwa jeki ya sauti kuja kwangu kwenye mikisa. Jumapili ya kwanza tu spika zikaanza kuunguruma, mmmmm nzito isiyopanda wala kushuka, na kwaya ikinyamaza ndiyo inasikika zaidi. Mzee mmoja wa kanisa alinigeukia tangu sala ya kufungua hadi ya kufunga.

Nilisema ni projekta. Nikajibiwa kwamba projekta ni ya picha, sauti inaihusu nini? Harambee ikapigwa, amplifaya mpya ikanunuliwa, kubwa, ina taa za bluu. Ilipowashwa ikavuma kuliko ile ya zamani, maana ilikuwa na nguvu zaidi. Hapo ikaonekana mbovu ni mimi. Akaletwa kijana mwingine, nami nikaambiwa nipumzike kidogo. Mapumziko hayo hayajaisha mpaka leo.

Sasa nieleze nilichokosa wa kumweleza siku ile. Vifaa viwili vikipata umeme kwenye soketi mbili zilizo mbali, erthi zao, ule waya wa kijani na njano, hazilingani sawasawa. Panakuwa na tofauti ndogo ya volti. Ukiviunga tena kwa waya wa sauti au HDMI, umefunga duara: upande mmoja erthi ya ukutani, upande mwingine ule wavu unaozunguka waya wa sauti. Umeme kidogo unazunguka humo, na kwa kuwa umeme wetu ni wa Hz 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, mikisa inaupokea kama sauti. Amplifaya kazi yake ni kukuza. Itakuza kwaya, itakuza na mvumo.

Kwa hiyo kwanza chomoa waya wa sauti unaoingia kwenye amplifaya, uiache yenyewe na spika zake. Ikinyamaza, usiiguse tena, mbaya wako yuko nje. Rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka mvumo urudi. Kwa laptopu kuna njia fupi: chomoa chaja, tumia betri. Mvumo ukifa hapo hapo, umeshampata mchawi.

Ikiendelea kuvuma peke yake, tatizo ni la ndani, na kwa mitumba mara nyingi ni zile kapasita kubwa za kuchuja umeme zimechoka. Sikio linaweza kukusaidia. Mwombe mpiga besi apige waya mwembamba kuliko zote bila kuubana. Ule ni Hz 98, karibu kabisa na mvumo wa kapasita ambao ni Hz 100. Kisha apige waya mnene kuliko zote akibana nafasi ya tatu, Hz 49, ndiyo jirani ya mvumo wa erthi. Si kipimo cha maabara, lakini mimi kimenisaidia kumbi nyingi. Kapasita hizo mpelekee fundi wa elektroniki. Hubaki na umeme hata plagi ikiwa imetolewa, kwa hiyo usiingize bisibisi humo kwa kujaribu.

Duara la erthi likithibitika, vuta umeme wa vyombo vyote kutoka sehemu moja, kwa waya mnene unaobeba mzigo huo. Waya wa umeme usilale sambamba na waya wa sauti. Vikilazimika kukutana, vikatane kama msalaba. Kwa safari ndefu tumia waya wa kanoni wenye pini tatu, ule wa maiki, jeki za redio ziwe za mita chache tu. Laptopu ipitishe kwenye DI boksi, kile kiboksi cha kuungia ala au laptopu kwenye mikisa, yenye transfoma ndani. Kale kaswichi ka kukata erthi kwenye hiyo boksi kanakata njia ya sauti tu, hakagusi usalama wa umeme.

Pini ya plagi ni jambo jingine. Ile ni ndefu kuliko wenzake kwa makusudi, ndiyo inayofungua vifuniko vya soketi. Walioikata utawaona wanasukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu ili plagi iingie. Siku waya wa moto ukigusa kasha la chuma la amplifaya, umeme uliopaswa kushuka kwenye erthi na kukata fyuzi utafuata waya wa maiki mpaka midomoni mwa mwimbaji. Fundi anayekushauri ukate, mwombe yeye ndiye ashike maiki.

Na kama huna mvumo ila unapiga wimbo kutoka simu na sauti ya msanii imepotea, ala tu ndizo zinasikika, angalia jeki. Sauti ya simu ni ya stereo, yaani ina njia mbili, kushoto na kulia. Ukiiingiza kwenye tundu moja la mikisa lililotengenezwa kwa waya wa kanoni, kushoto na kulia vinafutana, na mwimbaji, ambaye huwekwa katikati, anafutika wote. Tumia waya wa kugawa, uingie njia mbili.

Baadaye niliitwa kwenye kanisa lile lile na familia ya bibi harusi, na vyombo vyangu. Kabla sijafunga spika nilichomoa HDMI yao. Kimya. Yule mzee alikuwepo. Akasema, "Kumbe." Radhi niliyopata ni hiyo tu.

Wajumbe wa kamati mliosoma mpaka hapa: kabla ya kupiga harambee ya amplifaya nyingine, mpeni fundi mitambo wenu ukumbi mtupu asubuhi moja na ruhusa ya kuchomoa kila kitu, hata kile cha picha.