Umepasuliwa Mkono? Waache Watu Wakuchekeshe

Ukishaambiwa na daktari kuwa mkono wako utapasuliwa, tafuta mapema mtu mmoja wa kukuchekesha, na umwambie waziwazi kuwa kazi yake ndiyo hiyo. Dawa ya maumivu utaandikiwa na bendeji utafungwa. Kicheko hakuna wa kukuandikia, nami nimeona kilivyonivusha.

Mimi ni mshonaji wa kofia za viua hapa Wete, Pemba. Kazi yetu ni sindano na vidole vitatu, kutwa. Nilifika mahali nikawa naamka usiku, kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, naukung'uta mkono mpaka hisia zirudi. Sindano ikawa inaniponyoka. Daktari alinieleza kuwa pale kiganja kinapokutana na kifundo cha mkono pana mfereji mwembamba, na ndani yake hupita mshipa wa fahamu pamoja na kano 9 za kukunja vidole. Nafasi ikibana, mshipa ule hukandamizwa. Operesheni yenyewe ni kuukata utando mgumu unaoufunika mfereji ili mshipa upumue. Mara nyingi hupigwa sindano ya ganzi mkononi tu, ukawa macho, na siku hiyo hiyo ukarudi kwenu. Usidhani ni ugonjwa wa washonaji peke yao. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wajawazito na wenye kisukari wamo sana.

Siku za mwanzo utaambiwa uuinue mkono, uwe juu kuliko moyo, ili usivimbe. Basi unakaa umeegemea mito, mkono juu, nyumba nzima inafanya kazi na wewe umetulia. Kwa mwanamke aliyezoea kupika na kuandalia watu, kukaa hivyo ni kugumu kuliko maumivu. Wifi yangu aliingia, akanitazama, akasema: "Bi harusi, hina haijakauka bado?"

Nyumba nzima ilicheka, na mimi nikacheka mpaka machozi. Mnajua bi harusi wetu akishapakwa hina hagusi kitu: analishwa, anapepewa, anashikiwa kikombe. Tangu siku ile nikawa bi harusi. Wanangu walinilisha matonge kwa vifijo. Jirani aliyekuja na uso wa msiba alipigiwa kigelegele mlangoni, akaondoka anatabasamu, na kesho yake akarudi na chapati. Utani ule ulinipa ruhusa ya kukaa. Bila ya huo ningeinuka kwenda kuosha vyombo, na jeraha lisingepona vizuri.

Ndiyo maana nasema utani uanze kwa mgonjwa mwenyewe au kwa mtu aliye karibu naye sana. Watu wanaogopa kucheka mbele ya bendeji. Wakikuona wewe umecheka, wanapata njia, na nyumba yenye kicheko haikosi wageni wa kukusaidia. Hata njiani utakipata. Kila nilipotembea na mkono juu, gari za abiria zilisimama, konda akidhani nasimamisha. Mwanangu alikuwa anamwambia, "Twende tu kaka, mama anapumzisha mkono," na gari zima linacheka na kuniombea dua.

Vidole usiviache vikalala. Kwa operesheni kama yangu huanza kuchezeshwa mapema, mara nyingi siku ile ile, ila fuata ulivyoelekezwa wewe, maana aliyeungwa kano ana masharti mengine na akikunja vidole kwa pupa anaweza kuikata tena. Mimi niliambiwa niguse ncha ya kila kidole kwa kidole gumba, mara nyingi kwa siku. Nikaona hilo mbona nalifanya kila baada ya sala! Subhanallah 33, Alhamdulillahi 33, Allahu Akbar 33, kidole gumba kikipita juu ya vidole vyengine. Nikawa naleta uradi kwa mkono ule, polepole, na zoezi halikunichosha hata siku moja. Mjukuu wangu alikaa mbele yangu akinihesabia kwa sauti, akiruka namba makusudi ili nicheke na nianze upya.

Kwa udhu, muulize sheikh wako akueleze kupangusa juu ya bendeji, kwani jeraha halitakiwi kurowa. Na sijda muulize vilevile. Hata nyuzi zikishatolewa, kwa kawaida baina ya siku 10 na 14, kuegemeza uzito juu ya kiganja huuma kwa wiki nyingi. Hali hiyo ni ya kawaida, usikate tamaa.

Yapo ambayo hayachekewi. Mkono ukizidi kuvimba na kuwa mwekundu, ukitoa usaha, ukipata homa, au vidole vikigeuka rangi au kufa ganzi upya, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na kwetu Pemba, ambako kila nyumba ina chupa ya mafuta ya makonyo, yaani ya vikonyo vya karafuu, atatokea mtu mwenye mapenzi atake kukupaka. Mkatalie kwa upole. Mafuta yale ni makali na huunguza nyama ya kidonda. Jeraha likishafunga kabisa, kovu lisugue taratibu kwa mafuta ya nazi, lilainike.

Zipo nyakati pia ambapo kicheko hakiji. Usiku bendeji inabana, umechoka kutegemea watu, unataka kulia. Lia. Asubuhi wifi atakuja tu.

Nguvu hurudi kwa miezi. Sindano niliweza kuishika mapema, ila kukamua nguo na kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi vilichelewa sana, kwa sababu kazi hizo zote zinakandamiza pale pale palipopasuliwa. Waachie wengine, wala usione haya.

Na wewe unayekwenda kumtazama mgonjwa wa mkono, usimpelekee machungwa yenye maganda. Yamenye kabisa. Msuke nywele, mfunge mtandio, halafu mkate kucha za ule mkono usiopasuliwa. Hizo hawezi kuzikata mwenyewe, na ataona haya kukuomba.