Usiandike "RTA" ukaishia hapo

Ninafanya kazi ya kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali ya wilaya iliyo kando ya barabara kuu. Faili zinazonikalisha mezani muda mrefu kuliko zote ni za majeruhi wa ajali. Majeraha yenyewe huwa yameelezwa vizuri. Kinachokosekana ni habari ya ajali. Daktari wa zamu ameandika "RTA, # tibia", yaani ajali ya barabarani, mfupa wa ugoko umevunjika, ameagiza eksirei, mgonjwa amepelekwa wodini. Kwa matibabu ya usiku ule imetosha. Kwa mengine yote yatakayomfuata mgonjwa huyu, haitoshi hata kidogo, na ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaopokea majeruhi, hasa matabibu na wauguzi mnaoanza kazi.

Katika ICD-10, orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa na majeraha, majeruhi wa ajali anahitaji misimbo ya aina mbili. Unaoanza na S au T husema mwili umeumia wapi. Unaoanza na V husema aliumiaje. Chukua mama aliyepakiwa kwenye bodaboda, ikagongwa na pikapu, mfupa wa ugoko ukavunjika na kutoboa ngozi. Jeraha ni S82.2, na tukiongeza tarakimu ya tano ya mvunjiko wa wazi inakuwa S82.21. Chanzo ni V23.5, yaani abiria wa pikipiki iliyogongana na gari dogo au pikapu, barabarani. Angekuwa ndiye dereva wa bodaboda, ingekuwa V23.4. Ingekuwa lori au basi, tungehamia V24. Pikipiki ingeteleza yenyewe kwenye tope, V28. Na kama mama alikuwa anavuka kwa miguu akagongwa na bodaboda, ni V02. Bajaji nayo ina kundi lake, V30 hadi V39, kwa hiyo tafadhali usiiite pikipiki.

Sasa rudi kwenye "RTA". Kwa neno hilo peke yake ninachoweza kuweka ni V89.2, ajali ya barabarani ya chombo cha moto kisichotajwa. Yule mama ametoweka, pikapu imetoweka, na kwenye takwimu za wilaya hakuna atakayejua kwamba abiria wa bodaboda wanavunjika miguu kwa wingi pale kwenye njia panda.

Kinachoniuma zaidi ni fidia. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria kwa anayeendesha gari barabarani, na mtu kama yule mama ni miongoni mwa wanaolengwa nayo. Lakini anayepitia madai yake hakuwepo pale barabarani. Atasoma karatasi, pengine baada ya miezi mingi. Nimewahi kupokea ndugu waliokuja kuomba ripoti ya mgonjwa wao, nikafungua faili na kukuta haisemi aligongwa na nini wala alikuwa amekaa wapi. Aliyempokea alishahamishwa kituo. Ripoti ikaandikwa kwa kilichokuwemo, nacho kilikuwa kidogo mno.

Kwa hiyo muulize mgonjwa, au aliyemleta, wakati unasafisha kidonda. Alikuwa dereva, abiria au mwenda kwa miguu? Chombo gani kwa chombo gani? Wapi, saa ngapi? Alivaa helmeti, alifunga mkanda? Ni maswali ya dakika mbili. Saa ya ajali iandike mbali na saa ya kufika hospitali, maana pengo kati ya hizo mbili hueleza mengi kuhusu damu iliyopotea. Anayosema mgonjwa yaandike kama maneno yake: "anaeleza kuwa gari lilihama upande wake". Usiandike kwamba dereva alikuwa na makosa. Hilo ni la polisi na mahakama, nawe hukuwepo.

Majeruhi wa kichwa wanahitaji uangalifu wa pekee. Naomba sana neno "mlevi" lisitokee kwenye faili kama maelezo ya hali ya mgonjwa. Andika ulichokiona: ana harufu ya pombe, anafungua macho akiitwa, maneno hayaeleweki, anatii maelekezo. Andika alama za Glasgow, kipimo cha kiwango cha fahamu, kwa mgawanyo wake, macho, sauti na mjongeo, si jumla peke yake, kisha rudia kupima na uandike saa kila mara. Mtu anaweza kuwa amekunywa na wakati huohuo damu inavujia ndani ya fuvu. Anayekupokea zamu asubuhi akisoma "mlevi" atamwacha alale. Akisoma kwamba saa nne usiku alitii maelekezo na saa nane hatii tena, ataamka mbio.

Upande pia. ICD-10 ya WHO tunayotumia haina nafasi ya kulia na kushoto, hivyo usipouandika kwenye maelezo hautapatikana popote. Vijana wengi wanajifunza kwa video za Marekani, ambako wana toleo lao lenye upande na herufi ya saba, A kwa matibabu ya mwanzo, D kwa marudio. Ni mafunzo mazuri, ila misimbo hiyo usiilete kwenye fomu zetu. Ni toleo tofauti.

Kuhusu PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, anayevuja damu atibiwe kwanza, ndugu waifuate polisi huku kazi ikiendelea. Ukiijaza, iwiane na faili: mguu uleule, tarehe ileile. Ukikosea neno, likate kwa mstari mmoja unaosomeka, weka sahihi na tarehe; wino mweupe wa kufutia huzua maswali hata pasipo na tatizo. Halafu, kabla fomu haijarudi polisi, toa nakala uibane ndani ya faili, na uandike juu yake jina la kituo cha polisi kilichoitoa.