Nimeweka jare, momenti ya poto imepanda!

SWALI: Jambo kaka enjenya. Niko finalisti (mwaka wa mwisho wa masomo) hapa Lubumbashi, niko nachora angari ya dipo (jengo la kuweka mizigo), sharpanti (mifupa ya jengo) ya chuma, upana 20 m, putreli (mihimili) za juu IPE 360 (chuma cha umbo la I, kimo 360 mm). Kwanza niliweka putreli bila jare, kisha nikaongeza jare (kipande kinachonenepesha putreli kwa chini) pale inakutana na poto (nguzo), sasa momenti (nguvu ya kukunja) ya poto ikapanda badala ya kushuka. Programu inanidanganya ao?
Msomaji wa Kampemba

JIBU: Haikudanganyi mdogo wangu, hapo njo jare inafanya kazi yake. Penye putreli iko nene njo penye ugumu, na momenti inakimbilia kwenye ugumu, kwa hiyo katikati ya putreli inapumua, poto inabeba zaidi, basi poto nayo uihesabu upya.

Ila uliichora namna gani hiyo jare? Maana wengi wanachukua zile 2 m za urefu wa jare (asilimia 10 ya upana, kawaida ya watu wa sharpanti) wanaipa kimo kikubwa cha pale kwenye poto mpaka mwisho, eti inatosha! Hapo umeongeza ugumu ambao fundi hatauchomelea. SAP2000 (programu ya kuhesabu majengo) inakubali seksheni (umbo la putreli ukiikata) inayobadilika: upande wa poto IPE na jare yake, upande ule mwingine IPE tupu, na kwa putreli ya I unachagua inersia (kipimo cha ugumu wa kukunjika) ibadilike kwa parabola (mstari wa kupinda, si wa kunyooka). Kama programu yako haina hiyo, kata jare vipande 4 ao 5, kila kimoja kimo cha katikati yake, na vyote uvilinganishe kwa uso wa juu kwa sababu jare inaning'inia chini.

Sasa mahali vijana wanaanguka sana. Pani (vyuma vinavyobeba bati) zinashika semeli (ubapa wa I) ya juu tu, wakati kwenye jare, kwa uzito wa kawaida, inayobanwa ni semeli ya chini, na isiposhikwa inaweza kupinda pembeni. Programu haijui, ukiiambia imeshikwa itakubali tu na kukupa rangi ya kijani. Tia kipande cha kornyeri (chuma cha umbo la L) kutoka pani mpaka semeli ya chini, hasa pale jare inaishia. Na palepale usome momenti, kwa sababu IPE inabaki peke yake, mara nyingi hapo njo inashindwa kabla ya kushindwa kwenye poto. Halafu upepo ukinyanyua bati mambo yanageuka, semeli ya chini inabanwa katikati ya angari, kwa hiyo na hiyo kesi uipitishe.